Flashi Sio Hereni! Mastaa wa Moshi, Mnatuharibia Picha za Desemba

Wadau, Desemba ndo hiyo inanukia. Wiki chache tu zijazo mabasi ya kutoka Dar yatakuwa yamejaa mpaka mlangoni, Double Road haipitiki, na kule Marangu, Machame, Kibosho na Rombo nyumba zilizofungwa mwaka mzima zitafunguliwa madirisha. Ubatizo, kipaimara, sendofu, harusi, ndafu juu ya meza, mbege kwenye kata. Na siku hizi kuna mgeni kwenye kila shughuli: kamera ya filamu ya babu, imefutwa vumbi, imening'inia shingoni mwa mjukuu, na juu yake kimekaa kiflashi kidogo kinachong'aa kama kipini cha puani.

Kamera sina ugomvi nayo. Naipenda na natamani kila mwenye nayo aitumie. Ugomvi wangu ni na hicho kidude cha juu, na zaidi sana na waliotuletea habari zake.

Kuna staa mmoja hapa Moshi, jina kapuni, wa Insta mnamjua. Amejipa ualimu wa filamu. Ukimuuliza "nichukue flashi gani?" jibu lake ni moja siku zote: chukua inayofanana na kamera yako. Kamera ya fedha, flashi ya fedha. Iwe ndogo, iwe na sura ya kizamani, "inamaliza kila kitu". Somo limekwisha, chini kuna namba ya kuagizia. Na kwa kuwa jamaa ana wafuasi wengi, wenzake watatu wanne wameanza kuimba wimbo huohuo.

Nasema bila kupepesa macho: ushauri huo ni mbovu, na huku kwetu una madhara. Flashi sio hereni ya kamera. Flashi ni taa ya sura za watu, na ukiichagua kama hereni, watakaolipia ni watu waliokaa mbele ya lenzi yako.

KAZI YA FLASHI HUKU KWETU

Kihamba cha Mchaga ni kivuli. Migomba juu, kahawa chini, na mbele kidogo uwanja unaowaka jua la saa saba mchana. Mkalishe bibi kwenye kigoda chini ya mgomba, kamera inaona ule mwanga mkali wa nyuma, bibi anatoka kivuli kilichovaa kitenge. Ukumbini nako ndo balaa zaidi: taa za DJ za zambarau, dari limefunikwa vitambaa, meza kuu iko mbali. Na sisi ni weusi, tena wengine ni weusi tii. Tunahitaji mwanga wa kutosha ili filamu ione macho, mikunjo na tabasamu.

Hili la ngozi sio la kubuni. Kwa miaka mingi maabara za picha duniani zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ikikaa sawa kwake, kazi imeisha. Mweusi akiwemo kwenye picha hiyohiyo, shauri yake. Na kwa maelezo ya watu waliofanya kazi Kodak kwenyewe, waliopaza sauti wakasikika hadi filamu ikaanza kurekebishwa ione vizuri rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya bibi yako.

Filamu za leo ni nzuri kuliko zile. Lakini kitu kimoja hakijabadilika: ngozi nyeusi ikinyimwa mwanga kwenye filamu, inazama, na hakuna fundi wa kuizamua. Simu inakusaidia gizani kwa kuunganisha picha kadhaa ndani yake. Filamu haina huruma hiyo. Usichoipa, haikupi.

KILICHOTOKEA UKUMBINI

Sendofu moja hapahapa mjini, wahusika nao kapuni. Kamati ikaona mpiga picha wa kawaida hatoshi, ikamwita kijana wa "picha za filamu", mwanafunzi wa huyohuyo staa. Akaja na Pentax K1000, kamera ya maana kabisa, na kiflashi chake cha fedha. Mikanda miwili ya picha 36. Watu wakapozi, ndafu akapozi, mama wa bibi harusi akalia kile kilio cha furaha. Mikanda ikasafiri kwenda kusafishwa, wenyewe wakasubiri wiki kadhaa.

Zilizorudi ni hivi: meza ya keki mbele nyeupe kama chaki, wazazi nyuma yake giza. Nyingine nusu ya picha ipo, nusu ni utepe mweusi. Za nje chini ya migomba, majani yameiva vizuri, sura hazipo. Zamani tungesema picha zimeungua, ila hizi hata kuungua hazikuungua. Hazikuwahi kupata moto.

Sasa mimi simlaumu huyo kijana sana. Alifundishwa kulinganisha rangi. Hakufundishwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la tano.

HESABU WANAYOKUFICHA

Kila flashi ina namba yake ya nguvu, imeandikwa kwenye boksi au mgongoni mwake. Angalia ile ya mita kwa filamu ya ISO 100. Igawe kwa namba ya tundu la lenzi uliyoweka, unapata umbali ambao mwanga unafika vizuri. Flashi ya nguvu 12, lenzi kwenye f/4: 12 kugawa kwa 4 ni mita 3. Basi. Ukiweka filamu ya ISO 400 nguvu inakuwa mara mbili, yaani 24. Ukiweka ya ISO 200 inakuwa kama 17.

Turudi ukumbini. Kijana alikuwa na filamu ya ISO 200, na kwa sababu K1000 unalenga kwa mkono na gizani kulenga ni shida, akaweka f/8 ili asikosee. Uamuzi wa akili. Lakini 17 kugawa kwa 8 ni mita 2 na kidogo. Wazazi walikuwa mita 6. Na mwanga wa flashi haupungui kistaarabu: ukiongeza umbali mara mbili unabaki robo, ukiongeza mara tatu inabaki sehemu moja ya tisa. Wazazi wa binti walipata kama sehemu ya nane ya mwanga wao, siku ya binti yao.

Angekuwa na flashi ya nguvu 28 na filamu ya ISO 400, hesabu ingesoma 56 kugawa kwa 8, mita 7. Wazazi wangeonekana mpaka kope. Flashi za nguvu hiyo zipo, zinaingia kwenye mkoba, na nyingi ni za mitumba kwa bei ya chini kuliko hicho kipini. Ila hazifanani na kamera. Zina kichwa kikubwa cheusi kama chura. Ndo maana staa hazipendi.

Sheria yangu kwa shughuli za Desemba: chini ya nguvu 20 usiende nayo ukumbini. Na hakikisha kichwa chake kinainuka. Dari likiwa jeupe na la chini, unaelekeza mwanga juu, unarudi umelainika, watu hawatoki na nyuso zinazong'aa kama wamepakwa samli. Lakini kuupiga darini kunakula zaidi ya nusu ya ule umbali, kwa hiyo tunarudi palepale: nguvu.

NUSU PICHA ILIKWENDA WAPI?

Ule utepe mweusi nao una maelezo. Kamera nyingi za filamu za kubadili lenzi zina mapazia mawili yanayopita mbele ya filamu. Ukienda kasi sana, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na flashi inapowaka inakuta sehemu ya filamu imefunikwa. Kila kamera ina mwisho wake. K1000 na Canon AE-1 mwisho ni 1/60. Zenit-E, zile za Mrusi zilizojaa kwenye makabati ya wazee, mwisho ni 1/30. Nikon FM2 za baadaye zinafika 1/250. Kijana wetu alikuwa 1/125 kwenye kamera ya 1/60. Hapo hata flashi ya milioni isingemsaidia.

Kamera ambazo shata yake iko ndani ya lenzi, kama Canonet QL17 au Yashica MAT 124G, hazina ugomvi huo. Zinapiga flashi mpaka 1/500. Hizo ndo mali ya kihambani: unatuliza jua la nyuma, halafu flashi inamjaza bibi mwanga kivulini. Lakini hata hapo nguvu inadaiwa. Ukiwa na filamu ya ISO 400 jua linakulazimisha f/16, na kile kiflashi cha 12 kinafika mita moja na nusu. Utampiga bibi pua tu. Cha 28 kinafika mita 3 na nusu, kigoda na kitenge na wajukuu wawili pembeni.

Una K1000 au AE-1 tu? Weka filamu ya ISO 100, msogeze bibi ndani zaidi ya migomba mpaka nyuma yake pia pawe kivuli. Ni bure, na hakuna namba ya kuagizia.

JICHO LENYEWE

Kitu kingine ambacho sijawahi kukisikia kwenye mafundisho ya staa: jicho. Flashi nyingi nzuri za miaka ya sabini na themanini zina kijicho mbele. Mwanga ukienda na kurudi kutoka kwa mtu, kijicho kinapima na kukata kinapotosheka. Unaweka tundu moja la lenzi, unazunguka ukumbi mzima, umbali unabadilika, flashi inajirekebisha. Haihitaji kamera yenye akili, kwa hiyo hata Zenit ya babu inafaidi. Ukienda na ya mkono mtupu, yaani isiyo na jicho, itabidi upige ile hesabu kila ukisogea hatua mbili, na MC hakusubiri.

Jicho nalo linadanganyika. Shela jeupe linarudisha mwanga mwingi, flashi inadhani imemaliza, bibi harusi anatoka mweusi kuliko alivyo. Fungua lenzi hatua moja zaidi. Filamu ya rangi ya kawaida inavumilia kuzidishiwa mwanga kuliko kupunjwa, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi, ongeza.

Wenye AE-1 mna bahati: Canon walitengeneza flashi zake. Speedlite 155A ukiivalisha, ikishajaa yenyewe inaiambia kamera iende 1/60. 199A ina nguvu zaidi na kichwa kinainuka. Ni mbaya wa sura? Ni mbaya. Inafanya kazi? Muulize aliyewahi kuona picha zake.

BETRI ZA KWA MANGI

Kabla hujalipa, uliza inakula nini. Kama inakula betri za kawaida za vijiti, zile unazozipata kwa Mangi saa tatu usiku Pasua au Kiborloni, nunua. Kama ina betri yake ya kuchaji ya ndani na chaja yake maalumu, fikiria umeme umekatika Mwika siku ya ubatizo na wewe una asilimia nne.

Hapa nimguse na staa mwingine, wa kupanda mlima. Alitupia picha ya Kibo jioni, na maelezo kwamba kiflashi chake "kimeuwasha mlima". Kaka, flashi inafika mita kadhaa. Kutoka hapa mjini mpaka kileleni ni makumi ya kilomita. Uliyemwona akiuwasha mlima ni jua, nalo halikulipwa tangazo.

Kwenye mlima flashi ina kazi moja ya heshima. Mnapofika Uhuru, mita 5,895, jua linachomoza nyuma ya watu, na theluji iliyobaki inang'aa. Mgeni mwenye uso mweupe anaonekana hivyohivyo. Mgumu aliyembebea mzigo siku tano, kijana wa Marangu au Old Moshi, anatoka kivuli kisicho na jina. Angalia picha za kupanda mlima zinazozunguka mitandaoni uhesabu wagumu wangapi wana macho. Flashi kutoka mita 2 inamrudishia uso wake. Ila baridi ya kule inaua betri za kawaida, kwa hiyo panda na za lithiamu na uzikalishe ndani ya jaketi, karibu na mwili, mpaka dakika ya kupiga.

MTUMBA UPIMWE

Kwa wanaotafuta za mitumba: fungua sehemu ya betri kwanza. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, betri ilivuja. Ukiwa kidogo unasafishika kwa pamba yenye siki au ndimu, ukiwa umekula vyuma achana nayo. Weka betri mpya, subiri taa ndogo iwake, ipige. Ikiwa imelala miaka, itachelewa kujaa mara za kwanza. Ijaze na kuipiga taratibu mara kadhaa. Ikizidi kuchelewa au ikinuka kuungua, mrudishie mwenyewe.

Usiifungue na bisibisi. Ndani kuna kidude kinachotunza umeme wa volti kama 300, na kinaendelea kuutunza hata betri zikitoka. Fundi redio anayejua atakuelewa, asiyejua atarushwa. Na usiichomeke kwenye kamera ya dijitali ya rafiki yako "kujaribu tu". Baadhi ya flashi za zamani hutoa volti zaidi ya 200 pale chini, kamera za kisasa zinaweza kufa hapohapo. Kamera za babu zisizo na umeme ndani haziogopi.

Angalia pia juu ya kamera. Kama pale pa kuchomekea flashi hapana kichuma cha katikati, utahitaji flashi yenye waya na kamera yenye tundu la waya. Wengi wananunua, wanavalisha, haiwaki, wanadhani wametapeliwa.

MNAOSEMA NINA WIVU

Najua yatakayokuja. "Wewe una wivu, kila mtu na mtindo wake." Nakubali kiflashi kidogo kina mahali pake. Meza moja ya washikaji, sura mbili tatu, mita moja na nusu, mtindo ule wa picha kali zenye kivuli ukutani: kinapiga vizuri, na hakikuchoshi shingo. Ukikitaka kwa hiyo kazi, nunua na ufurahi. Hata kukinunua kwa uzuri wake tu ni haki yako, hela ni yako.

Lakini staa hasemi hivyo. Anasema kinamaliza kila kitu, anamwambia mtoto aliyepewa kazi na kamati, watu waliochanga, siku ambayo haitarudiwa. Na kama unalipwa kusema hivyo, sema umelipwa. Mangi akikuuzia sukari hajifanyi daktari.

Maana yanayochezewa hapa ni makubwa kuliko mtindo. Picha za wazee wetu tulizonazo ni chache: moja ya studio, moja ya harusi kanisani, moja ya kitambulisho. Wanaokaa kwenye kigoda Desemba hii wengine Desemba ijayo hawatakuwepo, tuseme ukweli. Mjukuu ametoka Dar au Dubai, ameshika kamera ya marehemu babu, ana picha 36 tu. Kumpa mtu huyo ushauri wa rangi badala ya ushauri wa mwanga ni kumnyang'anya bibi yake mara mbili.

Kwa hiyo staa wetu, hii hapa kazi ya nyumbani. Chukua kiflashi chako, filamu yoyote, nenda ukumbi wowote wa mjini usiku, mkalishe mzee mweusi mita 6, weka f/8. Usafishe mkanda, utupie picha bila kuigusa. Ukionekana uso wake, nitakuomba radhi hapahapa kwa herufi kubwa.

Wadau, nyie mna flashi gani na mmepiga nini nayo? Walioharibiwa picha na waliookolewa, tiririkeni hapo chini. Majina wekeni kapuni, ila namba za flashi zitajeni.